Godoro la Upepo na Hasira za Kamshat

Ijumaa ile kabla ya Nauryz, sikukuu ya mwaka mpya wa Wakazaki, nusu ya mji wa Almaty ilikuwa imejazana katika duka moja la vifaa vya milimani. Watu waligombania majiko ya gesi, wakapigana vikumbo na mashanta matupu migongoni. Na katikati ya njia, chini sakafuni, alikuwa amelala mwanamke.

Hakuwa amezimia. Alilala kiubavu juu ya godoro la upepo la rangi ya kijani, macho kayafumba, koti lake la sufu la rangi ya zabibu kalikunja chini ya kichwa, buti zake kazivua na kuziweka kando. Jina lake Kamshat, fundi wa kushona mavazi ya waigizaji, mtalaka, na hana haya. Wateja walimruka huku wakinung'unika. Mmoja hakumruka. Alimkanyaga mkono.

"Wewe! Huna macho?"

"Macho ninayo, dada. Ila sikutegemea kukuta mtu amelala njiani."

"Nalijaribu. Kiatu si unakivaa kabla ya kununua? Au wewe kitanda chako ulikinunua kwa kukitazama tu?"

Mwanamume aliyemkanyaga akachuchumaa. Alikuwa mrefu, pua imepinda kidogo, kavaa jaketi la mafundi wa lifti lenye madoa ya grisi kwenye mikono. "Hebu geukia ubavu wa pili," akasema.

Kamshat akageuka, apate kumaliza ubishi. Godoro likalia kwarakwara.

"Umesikia hiyo kelele? Atakayelala karibu na wewe atakuchukia kabla hakujakucha."

"Nani kakwambia kuna mtu analala karibu na mimi?"

Wanunuzi waliokuwa wakisikiliza wakaangua kicheko. Masikio ya fundi lifti yakaiva, lakini hakuondoka. Akamwambia kwamba anayelala kiubavu atafute godoro nene, nyonga isiguse ardhi. Liwe pana, kiwiko kisitumbukie nje. Na kitambaa cha juu kiwe laini kisichopiga kelele. Kamshat akalala juu ya moja, akalala juu ya jingine, mpaka akalipata la bluu lililomkaa mgongoni kama lilikatwa kwa kipimo chake.

Sayat, ndilo jina la fundi huyo, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Hili linaufaa mgongo. Lakini ndani halina kitu cha kuzuia baridi. Kwenye majani litakutosha. Kwenye theluji ardhi itakunyonya joto lote."

"Baridi yangu nitaijua mwenyewe."

"Haya. Mimi naitwa Sayat."

"Sikukuuliza."

Hata hivyo, foleni ya kulipia ilikuwa ndefu, naye alikuwa nyuma yake. Walipofika mbele, walikuwa wamekwishagombana kuhusu majiko, kuhusu soksi na kuhusu nani aliyemsukuma nani, na namba ya simu ya Kamshat ilikuwa tayari mfukoni mwa Sayat.

Hasira za Kamshat zilikuwa na mwanzo wake. Miaka ya nyuma, siku ya barafu, alimwomba mumewe abadilishe magurudumu ya gari, yale ya kiangazi yalikuwa yanateleza. Mume akasema, "Niachie mimi." Gari likaserereka likagonga nguzo. Mume akatoka na mkwaruzo, Kamshat akatoka na vyuma mgongoni. Tangu hapo hakumwachia mtu yeyote jambo lolote. Chai yake alijimiminia mwenyewe, mlango wake alijifungulia mwenyewe, na mtu aliyemchagulia hata kiti alitazamwa kwa jicho ambalo lingechoma kitambaa.

Sayat alilipenda jicho hilo. Alimpigia simu mchana, saa ya kazi.

"Uko wapi, mbona sauti yako inarudi kama uko kisimani?"

"Niko juu ya lifti, ghorofa ya tisa. Chini yangu kuna bibi na mbwa wake, wamekwama, mbwa ananitukana."

"Shuka kwanza, mwendawazimu wewe!"

"Nikishuka utakuja tule samsa?"

"Nitakuja. Lakini mezani nachagua mimi."

"Chagua, roho yangu. Mimi nitakula hata sahani."

Ndivyo walivyopendana, kwa samsa, zile sambusa za kuokwa, za moto, zilizowachuruzika mafuta mpaka viwikoni, na kwa kutembea kutoka mtaa wa chini kuelekea juu, upande wa milima, wakibishana njia nzima. Miti ya mitofaa ikachanua. Kamshat akajishonea shati la kitani jeupe, akalivaa siku mbili mfululizo, maana Sayat alisema linampendeza.

Sikukuu za Mei zilipofika, chama cha wapanda milima cha Sayat kilikwenda kupiga kambi kwenye bonde la juu. Kamshat akaenda nao na godoro lake la bluu. Huko walikuta theluji bado imetanda, ngumu kama saruji. Wanawake walipanga mahema yao upande mmoja, wanaume upande wa pili.

"Nenda kaote moto," Sayat akamwambia. "Hema lako niachie mimi."

Maneno hayo yalimchoma, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na chai yenye maziwa ilikuwa inachemka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaacha. Usiku akajitupa hemani gizani, bila hata kuwasha taa.

Alfajiri akaamka amelala juu ya theluji. Vitambaa viwili vyembamba tu ndivyo vilivyomtenga nayo, cha hema na cha godoro. Godoro lenyewe lilikuwa bapa kama chapati, tena halikuwa lake. Lilikuwa la kijivu. Akajaribu kuketi, maumivu yakampanda kutoka kiunoni mpaka kisogoni, akapiga yowe. Akatambaa kwa viwiko hadi hema la Sayat, akavuta zipu.

Sayat alikuwa amelala amejikunja. Juu ya godoro la bluu, limejaa upepo, limetuna.

"Mwizi!"

Kambi nzima ikaamka.

"Kamshat, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Umenipa bovu lako ukachukua zima langu! Mimi mwenye vyuma mgongoni! Ulisema nikuachie wewe, kumbe ndiyo ulikuwa unapanga hili!"

"La kwangu lina..."

"Lina tundu! Hilo naliona! Jamani, mtazameni huyu. Mtazameni anavyolala vizuri!"

Sayat alifumbua mdomo, akautazama umati wa nyuso zilizovimba usingizi, akaufunga. Naye alikuwa na hasira zake, za mtu asiyejua kubembeleza mbele za watu. Wenzake wakamlaza Kamshat kwenye machela ya fito na makoti. Sayat aliposhika ncha moja, Kamshat akapiga kelele, "Huyu asinibebe! Heri nibebwe na punda!" Sayat akaachia. Akashuka bonde zima nyuma yao, hatua nyingi nyuma, na mashanta mawili.

Mji mdogo ule, pamoja na ukubwa wake. Habari ikazagaa chamani kwamba Sayat alimwibia godoro mgonjwa. Simu zake Kamshat hakuzipokea. Alilala chali, akachomwa sindano, akarudi kazini na mkanda kiunoni, akawa anashona kwa kulichoma vazi kana kwamba lilikuwa na kosa. Kisha simu zikakoma, na hilo likamkasirisha zaidi.

Siku moja mchana simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Kamshat?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Perizat, dada yake Sayat. Nataka kujua mwanamke mwenye mdomo wa hivyo anafananaje. Kaka yangu kalazwa. Nimonia. Mapafu yote mawili."

Sindano ikasimama. "Tangu lini?"

"Tangu mlipotoka huko mlimani! Kalala kwenye theluji juu ya hilo dubwana lako la kiangazi lisilozuia baridi. La kwake la majira ya baridi, alilolibania fedha mwaka mzima, kakuwekea wewe. Kwa siri, maana eti ungekataa. Kumbe vali yake ya kujazia upepo ilikuwa inavuja kidogo kidogo, hakujua. Na wewe ukamwita mwizi! Mwizi gani anaiba baridi?"

Kamshat alikata simu. Akavaa koti lake la rangi ya zabibu, akasahau kufunga vifungo, akashika teksi hadi hospitali.

Sayat alikuwa amekonda, pua imezidi kupinda. Alipomwona hakutabasamu.

"Kwa nini hukuniambia?" Kamshat akauliza, bado yuko mlangoni.

"Ulinipa nafasi?"

"Si asubuhi. Jioni! Kabla ya kulala! Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi ningekataa! Mgongo ni wangu, Sayat! Ningejua nimelalia nini, ningesikia linapwaya, ningeamka nilijaze. Wewe umeamua peke yako, kimyakimya, kwa wema wako. Yule aliyenivunja mgongo naye alikuwa mwema!"

"Usinifananishe na yule!"

"Nakufananisha!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifunika mashuka mpaka puani. Sayat akajiinua kwa kiwiko, akakohoa, jasho likamtoka.

"Sawa, sikukuuliza. Kosa langu. Na wewe je? Ulinikuta nimejikunja natetemeka, meno yanagongana. Uliniuliza hata neno moja? Ulinihukumu mbele ya watu ninaofungana nao kamba moja mlimani. Wananiogopa sasa. Hakuna anayetaka kulala hema moja na mimi. Nenda zako, Kamshat. Kifua kinaniuma."

Muuguzi akaingia akamtoa Kamshat kwa mkono. Nje mvua ilikuwa inanyesha, maji ya milimani yakipiga kelele kwenye mifereji ya kando ya barabara. Alitembea mpaka nyumbani akiwa amekasirika, na katikati ya njia akagundua kwamba anayemkasirikia ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo alipolia.

Chama kilipokutana tena, aliingia na mkanda wake kiunoni, akasimama mbele bila kualikwa.

"Nilisema Sayat mwizi. Nilikosea. Alinipa godoro lake lenye joto, akalala yeye kwenye baridi. Hakuniuliza, na kwa hilo nitagombana naye mimi, si nyinyi. Atakayemwita mwizi tena atanikuta mimi." Akatoka kabla mtu hajapiga makofi.

Sayat aliporuhusiwa kutoka hospitali, alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea. Kamshat alikuwa amepiga magoti, mdomo umejaa pini, akipima pindo la gauni la malkia.

"Nina swali," Sayat akasema.

Kamshat akatema pini moja moja. "Uliza."

"Nikuoe?"

"Bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi."

"Hasira zangu hazitaisha leo."

"Sikuuliza zitaisha lini."

Kamshat akamtazama kwa lile jicho lake. Sayat akalikabili, hakupepesa.

"Ndiyo," Kamshat akasema. "Unioe. Sasa nishike mkono nisimame, mgongo umekaza. Taratibu, mjinga wewe!"

Jumapili yake Kamshat alipelekwa kwa mama mkwe mtarajiwa, Raykhan, mjane aliyejifunga kilemba cheupe na aliyemlea Sayat na Perizat kwa ukali mtupu. Meza ilijaa: nyama ya farasi, maandazi ya baursak, jamu ya tofaa. Perizat alimimina chai bila kumtazama mgeni, kisha akamtazama, kisha akamsogezea bakuli la jamu. Baada ya kula, Raykhan akasimama na kijiboksi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na jozi mbili za hereni: moja ya dhahabu, nyembamba, ya dukani; nyingine ya fedha, nzito, ya zamani, yenye mawe mekundu. Kwetu mama wa mwanamume akimvisha binti hereni, neno limeisha, posa imefungwa. Akachukua zile za fedha, akalishika sikio la Kamshat.

"Apa," Sayat akamwita mama yake kwa Kikazaki, "muulize kwanza."

Mama akageuka kama aliyemwagiwa maji. "Nimuulize nini? Mimi niliulizwa? Mama yangu aliulizwa? Mila haina maswali!"

"Muulize, mama."

Perizat akashika birika hewani. Raykhan alipumua kwa nguvu puani, akamtazama mwanawe, akautazama mkanda kiunoni kwa Kamshat, akaweka jozi zote mbili juu ya kiganja chake kilichokunjamana.

"Haya," akasema kwa sauti kavu. "Unataka zipi, mwanangu?"

Kamshat akayagusa mawe mekundu kwa ncha ya kidole.

"Hizo za fedha, apa. Hizohizo."

"Si ndizo nilizokuwa nimezishika!" Raykhan akafoka. "Mnanipotezea muda!"

Akamvisha, vidole vikitafuta tundu la sikio kwa shida, huku akinung'unika juu ya watoto wa siku hizi, na machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.