Kiti cha Yeyote

Siku ya kwanza Rula alidhani ni mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameachia mausi ili ajinyooshe mgongo, lakini mshale kwenye skrini ukaendelea kutembea, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Ukafika kwenye nguzo ya katikati ya mchoro wa wodi ya wazazi, ukasimama hapo. Rula akaipiga mausi kofi. Mshale ukatulia, naye akalaumu mtandao, akaenda zake kula.

Aliporudi, nguzo haikuwepo.

Walimwita Rula kwa ajili ya mistari yake iliyonyooka, na kwa miaka tisa hakuna mchoro wake uliorudishwa na kosa. Nguzo ile ndiyo iliyobeba ghorofa nzima ya juu. Mafundi wa saiti walifungua michoro moja kwa moja kwenye simu zao, na walichokiona ndicho walichojenga. Jumatano asubuhi wangemwaga zege, na saini iliyokuwa chini ya mchoro ilikuwa ya Rula peke yake. Akairudisha nguzo. Kesho yake, saa saba mchana, ikaondoka tena.

Alimaka. Aliwauliza wenzake wanne mmoja mmoja, na sauti haikuwa ya kuuliza. Wote walikuwa wametoka kula. Basi akaenda kwa Bosi.

Kompyuta za ofisi ile zilikuwa kuukuu, za kuhema zikifunguliwa. Badala ya kununua nyingine, Bosi alikodi programu ya kuchorea inayokaa kwenye mashine kubwa, mbali huko, wanakoita kwenye wingu. Mkono unasogea hapa, kazi inafanyika kule, na kinachorudi kwenye skrini ni picha tu, nayo huchelewa kidogo. Programu ilikodiwa kwa viti: kiti kimoja, jina moja. Wachoraji walikuwa watano, Bosi akachukua viti sita.

"Cha sita ni cha nani?" Rula aliuliza.

"Cha akiba. Fomu ilidai jina, nikaandika Yeyote. Shida iko wapi?"

"Kuna anayekikalia, Bosi."

"Umechoka wewe. Nguzo ikipotea, saini ni yako. Usiniletee mapepo kazini."

Miaka tisa, na hayo ndiyo majibu. Rula alitoka, na kama angekuwa na kitu mkononi angekitupa.

Siku ya tatu ya kazi, Jumatatu, hakwenda kula. Wenzake walitoka, ofisi ikanyamaza, jua la utosi likapiga madirishani. Saa saba kamili, pembeni mwa skrini pakaandikwa: Yeyote ameingia. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kwanza kidogo, kisha ya kukaba koo, na kile kiti cha pembeni walichokuwa wakirundikia mafaili kikatoa mlio, kikabonyea polepole, mafaili yakateleza moja moja hadi sakafuni, na Rula, badala ya kukimbia, akashika mausi akairudisha nguzo, ikafutwa, akairudisha, ikafutwa, na kilichomtoa jasho ni kwamba mkono wake ulichelewa kama kawaida lakini ule mwingine haukuchelewa hata kidogo, ulifika kwenye nguzo kabla yake, kana kwamba mwenye mkono huo hakuwa mbali na mashine kama wao, bali alikuwa ndani yake. Saa nane mkono ule ukaondoka.

Jumanne Yeyote aliingia tangu asubuhi na hakutoka; kila nguzo iliporudishwa, ikafutwa. Rula akamleta mama mdogo, mdogo wake mama yake, ambaye watu humwita majini yanapowasumbua. Mama mdogo alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia haraka.

"Kiti chake ni nani?" alinong'ona. Kwake yeye, kiti ni mtu anayepandwa na jini.

"Hana mtu, mama mdogo. Ana kiti chenyewe, cha kukodi." Rula akamweleza yote, mpaka lile jina.

Mama mdogo alikigeukia kile kiti cha pembeni. "Basi huyu hakuvamia, mwanangu. Ameandaliwa kiti, akaitwa. Kifungeni tu, ataondoka. Ila msije mkaandika jina la mtu hapo. Mtakayemwandika ndiye atakayempanda."

Kukifunga kulihitaji tarakimu zinazotumwa kwenye simu ya Bosi. Bosi aliitwa. Alimtazama mama mdogo kuanzia kanga hadi kandambili.

"Sifungi chochote kwa neno la mganga."

"Bosi, kesho wanamwaga zege," Rula alisema. "Watalala watu mle. Wenye watoto wachanga."

"Kwanza bila nguzo wodi inapendeza. Na ikianguka, utawaeleza wewe, si mimi." Akacheka, akageuka kuangalia simu yake.

Rula alihisi hasira ikimpanda. Kubadili jina hakukuhitaji tarakimu za mtu. Alifuta Yeyote, akaandika jina kamili la Bosi, pamoja na la baba yake Bosi na la babu yake, akabonyeza.

Kicheko kilikatika. Kwenye skrini nguzo ikarudi yenyewe, mahali pake barabara. Bosi akaiweka simu chini, akaigeuza mikono yake huku na huku, akiitazama.

"Asante kwa kiti," alisema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake. "Nguzo yako nakuachia. Huyu ana nyumba." Akachukua funguo, akatoka.

"Futa jina," mama mdogo alinong'ona, akimshika Rula bega. "Futa sasa hivi, kabla hajafika kwake."

Lakini Rula alijua: jina la Bosi likifutwa, yule atarudi kwenye mchoro. Akahifadhi kwanza. Akautuma mchoro saiti, akampigia msimamizi auchapishe kwenye karatasi, akangoja mpaka msimamizi aliposema ameushika mkononi. Robo saa ilipita. Na tuseme kweli, hakuwa na haraka. Alitaka Bosi naye aubebe ule mzigo, walau kwa robo saa.

Ndipo akarudi kwenye majina. Akalifuta la Bosi. Hakuna kilichobadilika. Kiti cha sita kilikuwa kitupu, hapakuwa na aliyeingia wala aliyetoka. Yule hakuwa na haja nacho tena.

Rula akapiga simu nyumbani kwa Bosi, vidole vikikosea namba mara mbili. Ilipokelewa na mtoto.

"Mama yupo?" Rula aliuliza.

"Hayupo. Baba ndiyo amefika," mtoto alisema, kwa sauti ya kuficha asisikike. "Ametukalisha wote mezani. Anatuuliza majina yetu."