Halfani Mpiga Chapa na Wanafunzi wa Ualimu

Kila asubuhi, baada ya uji, Siwema alisafisha herufi za risasi za kupigia chapa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Asubuhi za Mbeya zina baridi kali. Vidole vyake vilikufa ganzi kabla kazi haijakwisha. Hata hivyo aliipenda kazi hiyo.

Mumewe, Halfani, alikuwa mpiga chapa. Alijifunza kazi Iringa kwa mjomba wake. Mjomba alipozeeka, alimwachia mashine yake ndogo ya mkono. Siwema naye akajifunza kupanga herufi, moja moja, mpaka zikawa maneno.

Zamani walipiga chapa stakabadhi za maduka na kadi za harusi. Kisha wenye maduka wakaanza kuletewa stakabadhi kutoka Dar es Salaam, kwa bei rahisi. Mashine ikakaa kimya. Isihaka, mfanyabiashara wa Chimala, akaanza kuiulizia.

"Tukiiuza, utafanya kazi gani, Baba Mwanakhamisi?" Siwema aliuliza.

"Nitatafuta kibarua. Watu wanaishi kwa vibarua."

Hakumtazama mkewe aliposema hivyo.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na chuo cha ualimu. Halfani alifikiri, "Wale ni watu wa kusoma na kuandika. Hawawezi kukosa kazi ya chapa." Akapiga chapa matangazo kwa herufi kubwa: HALFANI, BINGWA WA CHAPA. KAZI SAFI KULIKO ZOTE. NJONI. Jumatatu asubuhi alisimama langoni, akawagawia wanafunzi waliokuwa wakikimbilia darasani. Walipokea kwa adabu, wakaenda zao.

Hakuja hata mmoja.

Jumamosi Siwema alinunua karanga sokoni. Muuzaji alimfungia katika karatasi. Siwema alipoitazama, aliona jina la mumewe. Akamimina karanga katika pindo la kanga, akaitupa karatasi mbali na njia ya nyumbani.

Jirani yao, Damari, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Aliwafundisha kina mama kushona na kusoma. Siku ile alimkuta Siwema amejiinamia uani.

"Kuna nini, mwenzangu?"

Siwema akamweleza yote, hata habari ya karanga.

Damari hakucheka. Aliketi kwenye kigoda. "Tangazo lile linamsema nani?" aliuliza.

"Linamsema Halfani."

"Na mwanafunzi yumo?"

"Hayumo."

"Mimi nilipoanza darasa langu, niliwaambia kina mama waje wapate elimu. Hawakuja. Nikaenda kuwauliza wanataka nini. Wakasema wanataka kushona nguo za watoto. Basi nikaanza na kushona. Sasa wanashona, na kusoma wanasoma. Je, wanafunzi wale wana shida gani ambayo karatasi yenu inaweza kuiondoa?"

"Sijui, dada Damari."

"Kawaulizeni. Msiende asubuhi, kengele inawaita. Nendeni Jumamosi alasiri. Wanafua nguo mtoni, wana nafasi ya kuzungumza."

Siwema alimfikishia Halfani ushauri huo, naye hakuupenda. "Nikawaulize vijana kazi yangu?"

"Kazi yako unaijua," Siwema alisema. "Kawaulize shida yao."

Jumamosi iliyofuata walikwenda pamoja. Mtoni walimkuta Asukile, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akisugua shati lake. Aliwasikiliza, kisha akasema, "Mwezi ujao tunakwenda kufundisha katika shule za vijijini. Ni mtihani wetu. Kila mmoja lazima awe na picha za herufi za kufundishia darasa la kwanza. Tunachora wenyewe kwa mkono, na mimi sijui kuchora. Mwaka jana nilichora ng'ombe, watoto wakasema ni mbwa."

Halfani alicheka, na Asukile akacheka naye.

Halfani alirudi nyumbani na nguvu mpya. Alichonga picha katika vipande vya mti, moja kwa kila herufi. Siwema alimwambia, "Piga moja kwanza, tuwaonyeshe." Hakusikia. Alipiga chapa mpaka karatasi yote aliyokuwa nayo ikaisha.

Akazipeleka chuoni pamoja na Siwema, na Asukile na wenzake wakazitazama moja moja.

"Bwana Halfani, hii ni nini?"

"Dafu. D, dafu."

"Na hii?"

"Pweza. P, pweza."

Asukile alisema taratibu, "Kazi ni safi. Lakini watoto wa vijiji vya mlimani hawajaona dafu wala pweza. Nitamaliza kipindi nikieleza pweza ni nini, na herufi wataisahau."

Halfani alizikusanya karatasi zake, akaondoka na mkewe. Vitu vile alivijua tangu utotoni, kwa hadithi za bibi yake wa pwani. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wasiovijua. Walipofika nyumbani alisema, "Kesho nampelekea Isihaka habari. Aje aichukue mashine."

"Wamekataa picha," Siwema alisema. "Kazi yako hawakuikataa. Yule Asukile alishika ile ya ng'ombe mpaka ukamnyang'anya. Nipe siku chache."

Halfani aliahirisha kwenda kwa Isihaka, na Siwema akaona hiyo ni ruhusa.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Damari aliwaleta Asukile na wenzake nyumbani. Siwema aliwapa chai. Akawauliza watoto wa kwao wanaona nini kila siku. Wakataja debe, panga, ndizi, jembe, mbuzi. Halfani alikuwa amekaa pembeni. Mwisho akasogea. "Mbuzi wa kwenu," aliuliza, "ana pembe ndefu au fupi?"

Safari hii alipiga karatasi moja tu, upande wa nyuma wa ile ya pweza, akawapelekea. Wakasahihisha mambo mawili matatu. Damari akamshauri jambo jingine: "Mwanafunzi hana fedha nyingi. Waambie bei mapema. Wanaokwenda shule moja wachange, wanunue seti moja. Tena taja siku ya kuwapa, na siku hiyo uwe tayari."

Halfani alitaja Ijumaa, na kwa fedha walizochanga akanunua karatasi. Alhamisi walifanya kazi kutwa, Siwema akipaka wino, Halfani akivuta mkono wa mashine. Chakula chao alikipika Damari. Ijumaa, kabla ya saa sita, picha zilikuwa chuoni.

Baada ya mazoezi ya kufundisha Asukile alikuja mwenyewe. Alikuwa amefaulu. "Watoto walimtaja mbuzi yule kabla sijafungua mdomo," alisema. "Mwalimu mkuu wa shule anauliza picha hizi zinapatikana wapi."

Isihaka naye alikuja kuiulizia tena mashine. Halfani alimkaribisha chai, akamwambia haiuzwi.

Mwaka uliofuata wanafunzi wapya walifika mlangoni bila kuitwa. Walikuwa wamesikia kwa waliomaliza. Halfani hakuwaonyesha mashine, wala hakujisifu. Aliwasogezea benchi.

"Mnakwenda kufundisha watoto wa wapi?" aliuliza.

"Wa Makongolosi," mmoja alijibu.

"Sijafika huko. Wakienda shule, wanaona nini njiani?"

"Wanawaona baba zao na sururu begani, wakienda machimboni."

Halfani akachukua kipande cha mti na kisu. "Niambie," alisema, "sururu ya kwenu ina mpini wa namna gani?"