Chumba cha Gaudensia Kyoto

"Gaudensia ni nani?"

Laurean alisimama mlangoni pa fleti yake ya Thamesmead, ughaibuni, koti limelowa mvua, mfuko wa ndizi mkononi. Blandina, mchumba wake, alikuwa mezani na kompyuta. Zilibaki wiki tatu wafunge ndoa. Laurean mwenyewe ndiye aliyempa neno la siri la barua pepe yake, achapishe cheti cha ubatizo cha kumpelekea padri.

"Umesoma barua zangu?"

"Nimesoma moja. Imetoka hoteli ya Kyoto, Japani. Sikiliza: 'Tumepokea tarehe yako mpya. Vazi la mgeni wa pili, Bi Gaudensia, urefu sentimita mia moja hamsini na mbili, lipo tayari.' Mimi nina mia moja sabini na nne, Laurean. Huyo si mimi."

Laurean aliingia, akafunga mlango.

"Nilikuomba fungate Kyoto! Nikakuonyesha hoteli nyingine ya huko huko, iliyokuwa shule zamani, wageni wanalala madarasani. Ukaniambia Japani mbali. Kumbe ni mbali kwangu tu!"

"Amefariki, Blandina."

"Nani?"

"Gaudensia. Tulikuwa tuoane. Figo zilimuua, mwaka wa nne huu." Aliweka mfuko chini. "Aliichagua mwenyewe hiyo hoteli. Nyumba ya mbao, vyumba sita, watu wanalala kwenye mikeka. Kila mgeni wanamshonea vazi la urefu wake, anaondoka nalo. Zilibaki wiki mbili tusafiri. Nikashindwa kufuta nafasi yetu. Kila mwaka wananiuliza, na mimi nasogeza tarehe."

Blandina alitaka kumwamini na alitaka kumzaba kibao, vyote kwa mpigo. Wanaume wanaoua watu kwa mdomo tu ili wajiokoe, alishawasikia wengi.

"Mpigie mama yake. Weka spika."

Simu ikaita Bukoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, niko na Blandina, mchumba wangu. Anataka kujua habari za Gau."

Mama akamsemesha Blandina mwenyewe.

"Blandina mwanangu, Gau nimemzika hapa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nimelia, nimekubali. Huyo hapo hajamzika bado. Kama hataki kumzika, usiolewe naye. Nakwambia kama ningemwambia Gau."

Simu ilipokatika, Laurean alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Blandina alimhurumia, lakini hakwenda kumbembeleza.

"Unanioa mimi, au na mimi utanisogezea tarehe?"

"Nakuoa wewe."

"Basi waandikie. Hapa, mbele yangu."

Laurean alijivuta hadi mezani. Akaandika: "Bi Gaudensia amefariki. Hatakuja." Vidole vikagoma hapo. Miaka minne hakuwahi kuyaandika maneno hayo popote. Blandina akavuta kiti, akakaa karibu yake, bega kwa bega.

"Ongeza," alisema taratibu. "Vazi lake walitume Bukoba, kwa mama."

Laurean akaandika anwani bila kuitafuta.

"Na chumba?" Blandina aliuliza.

"Wampe mtu mwingine."

Laurean alibonyeza, barua ikaenda. Akajifuta uso kwa mkono wa koti lililolowa.

"Na sisi, Blandina?"

Blandina alichukua kompyuta, akaigeuzia upande wake, akaitafuta ile hoteli ya shule.

"Sisi tutalala darasani."