Mwanamume Aliyemuuliza Kagwiria Alivyolala

Kaberia alikuwa akichomelea mlango wa hosteli nje ya karakana yake pale Nchiru. Kando yake, kwenye kibanda cha mboga, simu ya mkewe Kagwiria ikalia. Kagwiria alikuwa amekwenda kuteka maji. Kaberia akaipokea.

"Kagwiria, habari ya asubuhi," ilisema sauti ya mwanamume. "Ni Bundi. Wiki hii umelala vizuri?"

Kaberia akakata simu. Damu ilimchemka. Mwanamume gani huyu anayemuuliza mke wa mtu alivyolala? Miaka minne ya ndoa, hakuna mtoto. Kila mwezi Kagwiria hujikunja kitandani siku tatu. Akiguswa, anageukia ukuta. Kumbe ukuta ule una jina!

Kagwiria aliporudi, alimkuta ameishika simu kama nyundo.

"Bundi ni nani?"

"Ni muuguzi wa hospitali."

"Wa hospitali, au wa moyoni?"

Kagwiria akatua jerikeni. "Twende ukamwone leo hii. Lakini ukimpiga, Kaberia, mimi sirudi hapa."

Walimkuta Bundi kwenye kliniki ya hospitali, Meru mjini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Hilo nalo lilimuudhi Kaberia.

"Kwa nini unamuuliza mke wangu analala aje?"

Bundi akamgeukia Kagwiria. "Mama, unaniruhusu nimweleze?"

"Mweleze yote. Mimi nilijaribu, akasema kila mwanamke huumwa."

"Ugonjwa wake unaitwa endometriosisi," Bundi akasema. "Utando unaofanana na ule wa ndani ya tumbo la uzazi huota nje yake. Hedhi inauma kupita kiasi. Kwenda choo kunaweza kuuma. Hata kulala na mume."

"Kulala na mimi?"

"Nilikuwa nauma shuka," Kagwiria akasema. "Wewe ukadhani nakuchukia."

Kaberia akamgeukia Bundi. "Nani amemwambukiza?"

"Hauambukizi, mzee. Si laana, na si uzinzi. Chanzo chake hakijajulikana vizuri, ndiyo maana tunafanya utafiti. Wanawake waliokubali tunawapigia kila wiki. Wanatueleza maumivu na usingizi. Anayetaka kujitoa, anajitoa."

"Na tiba?"

"Dawa husaidia wengine. Yeye ameshauriwa upasuaji. Daktari hutoboa matundu madogo tumboni, huingiza kamera, kisha huondoa utando ule. Wengi hupata nafuu, ingawa ugonjwa unaweza kurudi. Na siwezi kuwaahidi mtoto."

"Nimeahirisha mara mbili," Kagwiria akasema. "Nani angeniuguza?"

Wivu ukamuuma Kaberia upya, lakini sasa ulikuwa wa aina nyingine. Mgeni huyu alikuwa amemuuliza mkewe jambo ambalo yeye, mume, hakuwahi kumuuliza.

"Andika tarehe ya upasuaji," akamwambia Bundi. "Nitamuuguza mimi."

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, Kagwiria alipata hedhi na bado akafungua kibanda. Maumivu yalikuwepo, lakini alikuwa akicheka na wateja. Kaberia alikuwa akifua shuka nje. Jirani yao Kinyua akasimama kumtazama.

"Fundi, umekaliwa kichwani! Siku hizi unamfulia mke?"

"Na wako, Kinyua? Kila mwezi tunamsikia akilia. Umewahi kumuuliza anaumwa wapi?"

Kinyua akamtazama Kaberia, kisha zile shuka. Kisha akageuka, akaelekea kwake kwa haraka, akimwita mkewe.