Kidoti cha Penseli

Nilimwambia mke wangu afungashe nguo akiwa na tumbo la miezi mitano.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimechoka. Nilisema tu, Jumamosi nakurudisha kwenu Kidugala... kisha nikatoka nje kuwapa nguruwe maji.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, mnitukane mkiwa na sababu zote.

Mimi ni mtu wa viazi. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuhesabu wiki najua, viazi vimenifundisha. Siku ya kupanda naweka alama kwenye kalenda ya usharika. Kuanzia hapo nahesabu: wiki hii palizi, wiki ile dawa ya ukungu, wiki ile kuvuna. Sikosei.

Mwaka huu nililima Ipelele, kule Makete. Nilikwenda mwishoni mwa mwezi wa kwanza, nikarudi Mahongole, hapa Makambako, Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Katikati sikukanyaga nyumbani.

Mimba ikaingia. Nilifurahi. Binti yetu Ema yuko kidato cha pili, tulishaacha kutegemea mwingine.

Lakini hii mimba ilimchosha mke wangu Anneth. Mashavu yakaweka madoa meusi. Mstari mweusi ukashuka toka kitovuni. Akipiga mswaki, fizi zinatoa damu. Akila ugali, kiungulia. Jioni miguu imejaa, misuli inamkaza mpaka anang'ata kitenge. Nilikuwa namkanda kwa mafuta ya alizeti.

Mpaka Jumanne ile.

Alirudi kutoka kliniki, akaacha kadi mezani, akaenda kujinyoosha. Nikaisoma. Umri wa mimba, wiki 22.

Nikaitoa kalenda ukutani. Nikahesabu kutoka siku niliyorudi. Ishirini. Nikarudia kwa kidole, mstari kwa mstari. Ishirini.

Wiki mbili kabla ya hapo mimi nilikuwa Ipelele, tope mpaka magotini...

Halafu nikaona kingine. Kwenye Jumamosi ya wiki mbili kabla sijarudi, kulikuwa na kidoti cha penseli. Mimi natumia kalamu nyekundu. Jumamosi ni mazoezi ya kwaya. Na mwalimu wa kwaya, Gideoni, ndiye humrudisha Anneth kwa pikipiki.

Mmeelewa nilivyoelewa.

Alipoamka nilimuuliza wiki mbili hizi ni za nani. Akaitazama kadi, akanitazama mimi.

"Baba Ema, unanihesabu kama viazi?"

"Viazi havidanganyi."

Hakulia. Alisema aliyeandika ni nesi, nikamuulize nesi, yeye mgongo unamuuma. Ndipo nikamwambia hayo ya Kidugala.

Kidoti sikukitaja. Hicho nilikiweka akiba kwa wakwe.

Siku tatu sikumkanda. Maji alichota mwenyewe, ndoo moja moja, akipumzika kwenye jiwe. Nikifungua mdomo ilikuwa kufoka, hilo tumbo lako lisikae njiani. Gideoni alinipa mkono dukani, nikauacha unaning'inia mbele ya watu.

Ijumaa nikaona nisiende ukweni mikono mitupu. Nikakunja kalenda, nikaiweka kwapani, nikaenda zahanati. Nilitaka nesi aniandikie barua ya kuthibitisha hizo wiki, niwaonyeshe wazazi wake.

Nesi Modesta alikuwa anapima wanawake, benchi limejaa.

"Kamwene, Baba Ema. Leo wewe ndiye mjamzito?"

Benchi likacheka. Sikucheka. Nikaeleza shida yangu pale pale, kwa sauti, maana nilijua haki ni yangu.

Modesta akaweka kalamu chini.

"Viazi vyako unavihesabu tangu lini?"

"Tangu siku ya kupanda."

"Basi sisi tunahesabu tangu shamba lilipofyekwa. Siku ya kupanda hatuijui, hatukuwepo."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtoto. Mimba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto anatungwa kama wiki mbili baadaye. Kila mimba, hata ya mke wa mchungaji, ina wiki mbili za mwanzo ambazo ndani hakuna mtu.

Nikahisi masikio yanawaka. Lakini mimi ni mbishi. Nikafungua kalenda, nikamwonyesha kidoti.

"Na hiki je? Siku ya kwaya."

Aliinama, akafunua nyuma. Mwezi wa tatu, kidoti. Wa pili, kidoti. Wa kwanza, kidoti. Kila baada ya wiki nne. Akafunua mbele, baada ya Pasaka... hakuna hata kimoja.

"Baba Ema, hizi ni siku za mkeo. Hiki cha mwisho ndicho alichonitajia, nikahesabu wiki 22. Na vimekoma uliporudi wewe."

Benchi halikucheka tena. Afadhali wangecheka.

Ushahidi wa mke wangu nilikuwa nimeubeba mimi mwenyewe, kwapani.

Kabla sijatoka, Modesta akaniambia mtoto sasa ana kama nusu kilo, nyusi zinaota, anacheza. Miguu kujaa jioni ni kawaida, ila uso na mikono vikivimba nimlete upesi. Halafu akaongeza, kama anayepita tu:

"Na ameanza kusikia. Ya mama, na ya wanaofoka karibu."

Njia ile sijui niliitembeaje.

Nilimkuta Anneth ameketi kitandani anakunja kitenge, begi liko wazi. Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekosea kuhesabu.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Mwambie na huyo."

Nikaweka mkono tumboni. Nikasema, mwanangu, ni baba yako. Kimya. Nikarudia. Kimya.

"Hajibu."

"Wewe umenuna siku tatu. Yeye hata dakika haijaisha."

Nikaleta mafuta, nikaanza kumkanda miguu. Baadaye akaanza kuimba chini chini, na hapo tumbo likaruka, teke la kweli, nikaliona kwa macho.

Ulikuwa wimbo wa Gideoni.

Nikaendelea kukanda. Nilistahili.

Wanaume wenzangu, nendeni kliniki na wake zenu, mkae kwenye lile benchi, muulize. Usimhukumu mtu kwa hesabu usiyojua inaanzia wapi.

Begi lake bado halijarudi juu ya kabati, liko mlangoni. Sijamwambia aliondoe, kukaa au kwenda ni lake kuamua. Jumapili namsalimia Gideoni, mkono nitatoa mimi kwanza.