Filimbi Kabla ya Bendera

Simu ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Mwanamke aliyeitwa Mkasi akaacha cherehani, akainyanyua.

"Fundi, kile kitambaa kimeingia nondo." Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa kazi.

"Wangapi?"

"Mmoja tu. Yumo kwenye zile suti nane. Mtoe kabla Kiongozi hajafika."

"Sura yake?"

"Hatuna. Fanya haraka."

Simu ikakatika.

Suti nane zilikuwa za walinzi wa Kiongozi, na walinzi wenyewe walikuwa chumba cha pili, wakitaniana na kufunga tai. Saa sita mchana bendera ya mkoloni ingeshushwa uwanjani, ng'ambo ya barabara. Lakini mkoloni hakuwa ameridhika kuondoka. Kiongozi akipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, ulimwengu ungeambiwa: si mnaona, wanauana wao kwa wao, uhuru wa nini? Na malori ya jeshi lake yalikuwa bado kambini, injini zikinguruma.

Mkasi alikuwa fundi nguo kwa macho ya watu, na jasusi wa chama kwa macho ya wachache. Akafungua droo ya cherehani yake ya Singer. Chini ya vifungo ililala bastola ndogo, Beretta. Akaikagua, akaitia kikapuni, akaifunika kwa mabaki ya vitambaa.

Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu moja. Walinzi wote walichaguliwa kwa sifa moja: walipitia kambi ya machimbo, kule mkoloni alikowavunjisha watu mawe kwa kosa la kudai nchi yao. Nani angemshuku mtu wa kambi?

Na mmoja wao alikuwa kaka yake.

Kaka wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, ndiye aliyempikia uji, akamsuka nywele vibaya mpaka shule nzima ikacheka. Mkasi alimwomba Mungu nondo awe mwingine yeyote. Aliomba huku akiona aibu, maana kila mtu mle ndani alikuwa na dada au mke.

Akaingia, kikapu mkononi.

"Fundi, suruali yangu inabana!" alilalamika Tembo, jitu la miraba minne.

"Haibani. Ni wewe umeshaanza kula uhuru kabla haujaiva."

Wakacheka. Mezani palikuwa na boksi la filimbi mpya za walinzi, zinasubiri kufungwa kamba. Mkasi akazitazama, akaikumbuka kambi.

Yeye mwenyewe aliwahi kufungwa kambini, upande wa wanawake. Kule, filimbi moja ndefu ilikuwa na maana moja: chuchumaa, mikono kichwani. Aliyechelewa alipigwa mpaka akasahau jina lake. Baada ya muda akili haikuulizwa tena. Magoti yalijibu yenyewe. Hilo watu wa kambi hawalisimulii, hata kwa wake zao. Mkoloni angeweza kumfundisha mtu wake majina ya wafungwa na ladha ya chakula chao. Hili asingelifikiria.

Mungu nisamehe, alisema moyoni.

Akachukua filimbi moja, akaipuliza kwa pumzi ndefu.

Kicheko kilikatika. Tembo alishuka chini suruali ikiwa magotini. Mwingine aliangusha kikombe. Wote chini, mikono kichwani, macho sakafuni, wanaume wazima wakitetemeka kwenye suti mpya. Magoti ya Mkasi nayo yalilegea. Akashikilia meza.

Mmoja tu alikuwa wima, mbele ya kioo, akichana nywele.

Kaka.

"Mdogo wangu, una nini? Unatutisha bure."

"Kaka, mbona umesimama?"

Aliwaona wenzake kwenye kioo. Akaanza kuinama. Akajua amechelewa, akajinyoosha.

"Kambini hukukaa," Mkasi alisema.

"Niliishia getini. Niliwasikia wanavyolia, mdogo wangu. Wakaniambia, ukikubali kazi yetu, mdogo wako anatoka. Wewe ulidhani ulitoka kwa huruma ya nani?"

Maneno yakamwingia kama sindano chini ya ukucha. Miaka yote hiyo alimshukuru Mungu kwa siku ile.

"Na leo?" aliuliza. "Leo ulikuwa unamkomboa nani?"

Mkono wa kaka ukaenda kiunoni.

Paa!

Beretta ilifyatuka ikiwa bado ndani ya kikapu. Browning ya kaka ikaanguka sakafuni, naye akafuatia, ameshika bega. Mkasi akaipiga teke bastola ile mpaka chini ya kabati.

"Simameni, ndugu zangu."

Hakuna aliyesimama. Kambini hakuna aliyesimama bila filimbi ya pili.

Filimbi ilikuwa bado mkononi mwake. Akaitazama, akaiweka mezani. Akaenda kwa mmoja mmoja, akamshika kwapani, akamwinua. Tembo alikuwa wa mwisho.

"Dada, usirudie tena," alisema, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Sirudii. Nisamehe."

Simu ikalia chumba cha cherehani. Mkasi akaenda kuinyanyua.

"Fundi?"

"Kitambaa ni safi. Mleteni."

"Nondo alikuwa nani?"

Akakata, akarudi kwa walinzi.

Nje, ving'ora vya msafara vilikaribia. Tembo alifunga mkanda, akamtazama mtu aliyelala sakafuni.

"Huyu tumfanye nini?"

"Mdogo wangu..." kaka alinong'ona.

Mkasi alipangusa mikono kwa kitambaa, akachukua kikapu chake chenye tundu la risasi.

"Mfungeni jeraha, mumlinde mpaka waje kumchukua," alisema bila kugeuka. "Na mfungulieni dirisha, asikie."

Alishuka ngazi taratibu. Uwanjani bendi ilikuwa imeanza kupiga wimbo mpya, na barabarani watu walikumbatiana na wasiowajua. Mama mmoja alimshika mabega, akapiga kelele, "Tumeshinda, binti yangu!"

"Tumeshinda, mama."

Akapenya katikati ya umati, na pale ambapo kila mtu alikuwa analia, naye akalia.