Kaka wa Kwenye Daftari

“Andika kaka,” Injinia alimnong'oneza, midomo karibu iguse sikio. “Ukiandika mchumba hawataniruhusu kupanda na hili sanduku.”

Kitinda akacheka kidogo. Sanduku lilikuwa zito kweli, na ngazi za bweni la wasichana zilikuwa nyingi. Mbele yake Mama Bweni, mlezi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amelifungua daftari la wageni. Sheria ilibandikwa ukutani: mwanamume hapandi juu, isipokuwa awe baba au kaka, Jumamosi, saa nane hadi saa kumi.

“Huyu ni nani wako, mwanangu?”

“Kaka yangu, mama.”

“Wa tumbo moja?”

“Moja kabisa!” Injinia akadakia. “Hata masikio tunafanana.”

Kitinda akatia sahihi.

Kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yake, binti wa nne. Injinia naye alipewa jina lake siku alipopata nafasi ya kusomea uhandisi, mwaka mmoja kabla, ingawa hakuwa amejenga hata banda la kuku. Walikuwa wapenzi kwa miaka miwili. Chuo cha karibu na nyumbani kilimkubali Kitinda, akakiacha, kwa sababu Injinia alimwambia, “Njoo huku tuwe pamoja. Nimeshakutafutia na mtu wa kukaa naye chumbani.”

Mlango wa chumba hicho ulifunguka hata kabla hawajagonga.

“Wifi yangu huyo! Karibu, karibu!”

Alikuwa msichana mrefu wa mwaka wa pili, anayesomea uuguzi. Bweni zima walimwita Nesi. Akampokea begi, akamkumbatia kama waliopotezana siku nyingi. Kitanda cha chini kilikuwa kimetandikwa vizuri, na ndoo ya maji imejaa, imefunikwa sahani.

“Maji hukatika saa tano, ndiyo maana nikakuchotea. Na cha chini lala wewe. Siku za kwanza ugenini mtu huota hovyo, usije ukaanguka.”

Kitinda alimtazama Injinia. *Wifi?* Injinia akamkonyeza.

Kwenye ngazi, wakati wa kumsindikiza, akamweleza haraka haraka.

“Nimemwambia wewe ni mdogo wangu ili akupokee. Wa mwaka wa pili ndio wanaochagua wa kukaa nao. Yule ananitaka, mimi simtaki. Vumilia kidogo, mpenzi, nitamwambia polepole.”

“Mpaka lini?”

“Kidogo tu. Wewe huniamini?”

Neno vumilia ni tamu likitoka kwa mtu anayeumia pamoja nawe. Huyu alilisema huku anatafuna karanga ambazo mama yake Kitinda alimkaangia binti yake, na maganda anayatupa kwenye ngazi.

Kitinda akavumilia. Wiki ile Nesi alimwonyesha madarasa yote, akamshonea mkanda wa begi uliokatika, na siku alipolia kwa kukumbuka nyumbani hakumuuliza kitu. Alishuka kutoka kitanda cha juu, akakaa karibu naye hadi machozi yakaisha.

Mama alipiga simu.

“Injinia anakuangalia, mwanangu?”

“Ananiangalia, mama.”

“Mungu ambariki.”

Kitinda hakuitikia amina.

Jumamosi, saa nane juu ya alama, kaka wa kwenye daftari akapanda. Alikaa kwenye kitanda cha chini na viatu vyake, akapiga soga, kisha akatazama saa.

“Mdogo wangu, wewe nenda maktaba kasome. Masomo ya mwaka wa kwanza hayana mchezo.”

“Sasa hivi?”

“Mpaka saa kumi.”

Nesi akainama, akatabasamu kwa haya. “Ahsante, wifi.”

Kitinda alichukua kitabu, akatoka, akafunga mlango. Alifunga taratibu, kwa adabu. Maktaba alikaa saa mbili bila kufungua ukurasa. Aliporudi, Injinia ameshaondoka na Nesi yuko bafuni akijiimbia. Shuka la Kitinda, lile mama alilolikunja mwenyewe akalitia sandukuni, lilikuwa limevurugwa, limekunjamana, na maganda ya karanga yamesagika katikati yake. Mto ulinuka mafuta ya nywele ya Injinia.

Alilala sakafuni, akasema godoro lina joto.

Jumatano simu ikalia. Ujumbe:

*“Mdogo wangu, haha. Jumamosi hii uwahi maktaba mapema, saa nane kasoro. Na utandike shuka jingine, lile linakwaruza.”*

Alisoma mara moja. Mara ya pili hakuweza. Mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Ule mdomo uliomwita mpenzi, ndio unaomwagiza shuka! Na yeye naye, ni nani aliyefunga ule mlango?

Nesi aliporudi kutoka darasani alimkuta amekaa kwenye kiti, simu mkononi.

“Wifi, unaumwa?”

“Dada, mimi si wifi yako.”

“Mmegombana na kaka yako?”

“Si kaka yangu. Ni mchumba wangu. Wa miaka miwili.”

Nesi akacheka, halafu akaacha. Kitinda akampa simu. Nesi alisoma ule wa shuka, akapandisha juu, akasoma za mwezi uliopita, za mwaka uliopita. Kidole chake kikasimama.

“Hili neno, ‘wewe ndiye msingi wa nyumba yangu’... alikuandikia lini?”

“Siku ya kuzaliwa kwangu.”

“Mimi aliniandikia siku ya mitihani. Hata nukta hakubadilisha.” Akaketi kwenye kitanda cha chini, kisha akaruka kama aliyekalia moto. “Hapa! Alinileta hapa, kwenye kitanda chako! Na wewe ulijua?”

“Aliniambia wewe ndiye unayemtaka, yeye hakutaki. Nivumilie.”

“Ulijua! Mimi nilikuwa kipofu, wewe macho unayo. Ulichukua kitabu ukatoka. Ukafunga na mlango!”

“Ndiyo.”

“Unanitia kinyaa.”

“Najua, dada. Hata mimi najitia kinyaa.”

Kitinda alitegemea kofi. Halikuja. Nesi alikimbilia bafuni akatapika, na Kitinda akamfuata na maji ya kusukutua. Nesi aliyapokea bila kumtazama. Siku mbili hawakusemezana.

Jumamosi, mapema kabla ya saa nane, Kitinda alishuka mwenyewe hadi mezani kwa Mama Bweni.

“Shikamoo, mama. Nilidanganya. Yule si kaka yangu.”

Mama Bweni alivua miwani. “Unajua nini kinampata aliyedanganya daftari hili? Kitanda anakipoteza. Na vyumba vimejaa, hakuna kingine. Utasoma ukilala wapi?”

“Sijui, mama. Ila siwezi kuandika tena kwamba yule ni ndugu yangu.”

Hapo hapo Injinia akaingia, shati limenyooka, anaimba.

“Shikamoo, mama mlezi! Nimemfuata mdogo wangu.”

“Marahaba. Hebu njoo. Kwenu mmezaliwa wangapi?”

“Wawili, mama. Mimi na huyu.”

“Na wewe binti?”

“Wanne, mama. Wote wasichana.”

“Makubwa! Tumbo moja, hesabu mbili.”

Injinia akamshika Kitinda mkono. “Mpenzi, hebu tutoke nje tuongee.”

“Na sasa ni mpenzi,” alisema Mama Bweni. “Kijana, ndugu yako unamwita hivyo?”

Kitinda akautoa mkono wake, akaufuta kwenye gauni. “Usiniguse. Niliacha chuo cha nyumbani kwa ajili yako, na wewe ulinileta huku niwe tiketi yako ya kupanda ngazi.”

“Punguza sauti! Nilikuwa nakutunza. Nani alikutafutia chumba?”

“Mimi,” sauti ikatoka juu. Nesi alikuwa amesimama kwenye ngazi, sijui tangu saa ngapi. “Mimi ndiye niliyemwombea chumba. Wewe ulitafuta njia ya kupita mlangoni.”

“Nesi, mama yangu, sikiliza. Huyu mtoto ananing'ang'ania tangu nyumbani. Nilimhurumia tu.”

“Na huyu ulimwambia mimi ndiye nakung'ang'ania. Kumbe wewe ni ng'ombe, sisi sote kupe?”

Injinia akageuka kwa Kitinda. “Basi nisamehe wewe. Namwacha yeye, leo hii. Mashahidi hawa hapa.”

Alisema hivyo Nesi akiwa hatua tatu kutoka kwake, anasikia kila neno. Hata Mama Bweni aliangalia pembeni, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kimeoza.

“Toka,” Kitinda alisema. “Ukiendelea kusimama hapo nitatapika, na deki nitapiga mimi.”

Akatoka. Alitoka huku anakunja mikono ya shati, kama mtu mwenye shughuli kwingine.

Mama Bweni alichora mstari juu ya jina la Injinia, kisha akamwangalia Nesi.

“Chumba uliomba wewe, kwa ajili ya ndugu ya mchumba wako. Undugu haupo, mchumba hayupo. Ukisema aende, huyu ataondoka leo. Sema.”

Kitinda hakuinua macho. Hakuwa na haki ya kuomba, na hakuomba.

Nesi akashuka hadi mezani.

“Alinidanganya wiki mbili,” akasema. “Lakini amejisema mwenyewe, na alijua atalala nje. Yule mwingine amenidanganya mwaka mzima, na ingekuwa yeye, angenyamaza hadi tuzeeke. Abaki, mama. Ila lile godoro lishuke leo. Siwezi kulala juu yake, wala chini yake, wala karibu yake.”

“Sabuni ipo stoo,” alisema Mama Bweni, akavaa miwani. “Na wewe binti, ukumbi utausugua wiki mbili. Adhabu ni adhabu.”

Wakaliburuta godoro hadi uani, wakalilaza juani, wakaanza kulisugua, huyu upande huu, yule upande ule. Povu likatoka jeusi.

“Aa, jamani!” Nesi akakunja pua. “Yote haya ni mafuta ya kichwa chake?”

“Cha ndani ni kibaya zaidi.”

Nesi alikataa kucheka. Kisha bega likamtikisika, halafu la pili, na wote wawili wakacheka hadi wakakaa chini kwenye maji.

Kichwa kikatokeza juu ya ua.

“Warembo wangu! Tunaweza kuongea kama watu wazima? Mmoja mmoja, hata kwa zamu!”

Nesi akanyanyuka na ndoo ya maji machafu, akalenga. Kitinda akamshika mkono.

“Acha, dada. Atakuwa ameoga bure.”

Nesi akaitua ndoo. Wakainama tena juu ya godoro, wakaendelea kusugua.